Rangi Huhukumiwa Juani

Jumatatu asubuhi fundi rangi alikabidhi gari lenye mlango wa rangi tofauti, na yeye mwenyewe hakuiona tofauti hiyo.

Gari lilikuwa jeupe, mali ya mwalimu wa udereva, mteja wa gereji ile kwa miaka tisa. Jua lilikuwa limelipiga miaka sita mfululizo, weupe wake ukazeeka, ukaelekea kwenye maziwa yaliyolala. Mlango mpya wa kushoto ulitoka mweupe wa dukani. Kivulini ulipita. Mwalimu alipolitoa gari barabarani na jua likalipiga ubavuni, wanafunzi wawili waliokuwa wakimngoja walianza kucheka, na mmoja akasema gari limewekewa jino la bandia. Mwalimu aligeuza gari palepale.

Fundi aliyeupaka mlango ule aliitwa Jicho. Jina hilo alipewa na wenzake, tena kwa heshima, kwa sababu hakuwahi kutegemea mashine wala kitabu cha namba. Alichanganya rangi kwa kuiangalia. Tone jeusi, tone la njano ya udongo, tone la bluu, kisha alipaka kipande cha bati, akakitoa nje na kukibandika juu ya bodi ya gari. Alikuwa na msemo wake: rangi huhukumiwa juani, na kazi nzuri ni ile isiyoonekana.

Jumatatu ile kipande cha bati hakikufika juani. Kwa kweli kilikuwa na miezi mitano hakijafika. Jua lilikuwa linamchoma macho, kila kitu nje kilimeta kama chupa iliyovunjika, na Jicho alikuwa amejifunza kuchanganya kwa hesabu ya kichwani. Hesabu ya gari lile aliijua vizuri. Ila ilikuwa hesabu ya gari jipya.

Mwenye gereji hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimwita Jicho mbele ya mafundi wote, akamsimamisha ubavuni mwa gari, akamuuliza kama hapo kuna nyeupe moja au mbili. Jicho alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, mwisho akasema zinaachana kidogo. Alikuwa anakisia, na kila mtu alijua.

"Zinaachana kidogo," mwenye gereji alirudia. Kisha akampa hadi Jumamosi adhuhuri. Rangi itatoka kwenye mshahara wake. Mlango usipokaa sawa, Jicho atahamia kwenye msasa, kusugua magari kwa nusu ya malipo, na bunduki ya rangi atashika mwingine. Mafundi waliinamisha vichwa, kila mmoja akajifanya ana bolti ya kukaza. Kule kuinamisha vichwa kulimuuma kuliko habari ya msasa.

Nyumbani hakusema neno.

*

Nyumbani wiki ile kulikuwa na shughuli nyingine. Mkewe alikuwa mfagiaji katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa mara ya kwanza wafagiaji walikuwa wameruhusiwa kufanya mtihani wa kuwa wahudumu. Mhudumu hulipwa mara moja na nusu ya mfagiaji, tena hukaa na watu badala ya ndoo. Tangazo alikuwa amelibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, ili asipate kisingizio cha kusahau.

Ugumu ulikuwa mmoja. Mhudumu huandika daftari la mzee kila siku, kwa Kiingereza, maana ndicho wanachosoma daktari na wenye nyumba. Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: mtu mmoja anaketishwa mbele yenu, haulizwi kitu, naye hasemi kitu. Mna nusu saa kuandika sentensi kumi juu ya anavyoonekana. Metroni, msimamizi wa wahudumu, alikuwa amewaonya mapema kwamba kuumwa ni neno la daktari. Mhudumu haandiki kwamba mzee anaumwa. Anaandika anavyoonekana, basi, na daktari ataamua mengine. Kuna mmoja aliwahi kuandika kwa uhakika kitu alichokikisia, na mzee akanyweshwa dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Binti yao, wa kidato cha pili, alijiteua kuwa mwalimu. Alikuwa mkali kuliko walimu wake wote. Mama alilalamika kwamba sisi tuna "anaonekana" moja na inatutosha, hawa wenzetu wanataka ngapi. Binti akamwambia aanze na tatu. "Looks" ni la macho: umemwona tu. "Seems" ni la kichwa: umeona, umesikia, umepima, ukaelekea upande fulani. "Appears" nalo ni sawasawa na "seems", ila limevaa tai, linapenda ofisi na ripoti. Na baada ya hayo matatu unaweka sifa ya mtu, huweki namna ya kutenda. Ukikosea hapo, mzee mwenye huzuni anageuka kuwa mzee anayekodolea watu macho kwa huzuni.

"Nimkodolee nani?" baba aliuliza kutoka kwenye beseni alikokuwa ananawa. Ndivyo alivyopata kazi. Alihitajika mtu wa kuketishwa, na ndani ya nyumba alikuwa mmoja tu aliyeweza kukaa nusu saa bila kuongea.

Wakamweka kwenye stuli karibu na dirisha, mwanga wa jioni ukimwangukia shavuni. Mama aliketi kitandani na daftari mapajani. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba mume wangu amechoka. Binti aliikata kwa mstari.

"Mama, wewe hujui kama amechoka. Umemwona tu. Andika 'looks'."

"Nimelala naye miaka kumi na minane, nisijue kama amechoka?"

"Kwenye mtihani hujawahi kulala naye."

Baba alicheka mpaka stuli ikalia. Mama alimnyooshea kalamu, akaandika kwamba anaonekana amechoka, kisha akaongeza kwamba anaonekana anafurahia uchovu wa wenzake.

Siku ya pili waliendelea, na ya tatu. Jicho alizoea. Alirudi kutoka gereji, ambako kutwa nzima watu walikuwa wanakwepa kumwangalia, akakaa kwenye stuli na kuangaliwa na mkewe nusu saa nzima. Hakuwa ameangaliwa hivyo tangu alipokuwa anaposa. Mke naye aliona mambo aliyokuwa anapita karibu nayo kama mtu anavyopita karibu na duka la jirani. Mvi zilikuwa zimeshuka hadi kwenye nyusi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimepinda kwa kubana bunduki ya rangi. Sentensi kumi zilikuwa hazimtoshi tena.

Alhamisi aliomba kikombe cha chai kiwekwe mezani, mbele ya mumewe, ili apate kitendo cha kuandika. Binti alikuwa amemfundisha kwamba "seems" huweza kubeba kitendo kizima mgongoni. Mume alinyoosha mkono. Mkono ulitua juu ya meza, kando ya kikombe, ukatambaa hadi kukigusa. Kisha alikiinua kama kawaida.

Mama aliandika. Alimwomba akirudishe, akichukue tena. Akaandika. Halafu aliinuka, akamgeuza uso kuelekea dirishani kwa vidole viwili, kama anavyofanya na wazee anapowafuta midomo ingawa si kazi yake, akamwangalia kwa muda mrefu. Alirudi kitandani, akaandika sentensi ya kumi.

Binti ndiye aliyesoma kwa sauti, kwa mazoea ya kusahihisha, akizigeuza kwa Kiswahili moja moja. Anaonekana kama anatafuta kikombe kwa mkono. Anaonekana kama anaogopa dirisha. Katikati ya jicho lake la kushoto panaonekana kitu kama tone la maziwa. Hapo binti alishusha kalamu. Hakukuwa na kosa la kukata.

"Ni vumbi la puti tunayozibia mabati," baba alisema.

"Vumbi hunawika," mama alijibu.

Jicho alivaa viatu, akatoka nje, akasimama uani mpaka chai ikapoa.

*

Ijumaa jioni, Jicho akiwa bado kazini, alikuja fundi bodi, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye gereji nzima ilimwita Nyundo. Alisema alikuwa anapita tu, ingawa nyumba ile haikuwa njiani kwa mtu anayetoka popote. Alikataa kuketi, akaketi, akauliza hali ya kila kitu kilichomo ndani pamoja na kabati.

"Shemeji," alisema mwishowe, "mume wako ameupaka ule mlango mara mbili wiki hii, na mara mbili tumeukwangua. Mimi ningemsaidia, lakini kwangu mimi nyeupe ni nyeupe. Nimezoea kupiga, sikuzoea kuangalia."

Akamweleza yote: mwalimu wa udereva, jino la bandia, Jumamosi adhuhuri, msasa. Aliongeza kwamba bosi ameshazungumza na fundi mwingine, wa mashine. Kisha akaomba asitajwe, akaondoka bila kunywa maji.

Jicho aliporudi, mkewe hakumuuliza kitu. Alimwandalia maji ya kuoga, akapiga pasi gauni la mtihani, akachonga penseli mbili. Mume alimwambia kesho asihangaike na stuli tena, kwamba yuko tayari, kwamba hajaona mwanafunzi kama yeye. Kisha akauliza mtihani ni saa ngapi.

Kabati lilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Tangazo lilikuwa pale, kwa herufi kubwa: Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, atakayechelewa hataruhusiwa.

"Umesogezwa," mke alisema. "Saa nane mchana."

Jicho aligeuza uso kumwangalia. Kwa miaka kumi na minane mwanamke huyu hakuwahi kumdanganya akafanikiwa; nyusi zake zilimsaliti kila mara. Aliangalia mahali zilipo nyusi, akaona ukungu wenye umbo la mkewe, na ukungu ule ulionekana unasema kweli.

"Basi utapata usingizi," akasema.

*

Saa mbili na nusu asubuhi mke aliingia gereji kwa gauni la mtihani, penseli zimo mkobani. Mafundi waliacha kugonga. Alisalimia mmoja mmoja kama mtu aliyekuja msibani, akaenda moja kwa moja hadi benchi la rangi, ambako mumewe alikuwa ameinama juu ya kopo, pua ikikaribia kugusa.

Jicho alijua ni yeye kwa mwendo. Hakufurahi. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hapa ni kazini, na kwamba mke wa mtu haji kazini kwa mtu kumshika mkono. Mke akasema hajaja kumshika mkono, ana nafasi mpaka saa nane, na nyumbani kumepoa.

"Unataka nini?"

"Leta hilo bati. Tutoke."

Walisimama juani, yeye amefumba macho nusu, kofia imeshuka, mke ameshika kipande cha bati juu ya bodi ya gari. Hapo ndipo Jicho alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka ishirini na mbili ya kazi. Aliuliza.

"Ni sawa?"

Mke alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini wiki nzima alikuwa anakatwa sentensi za namna hiyo.

"Sijui kama ni sawa," alisema. "Nikuambie inavyoonekana. Gari linaonekana lina joto. Hili bati linaonekana la baridi, kama shati lililotiwa bluu nyingi."

Uso wa Jicho ukalegea kidogo, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. Alirudi benchini, akatia tone moja la njano ya udongo, akapaka bati jingine, wakatoka.

"Sasa?"

"Baridi imepungua. Ila linaonekana safi mno. Gari linaonekana kama lina moshi kidogo kwa ndani."

"Moshi wa kahawia au wa kijivu?"

Alisogea, akarudi nyuma. Aliinamisha kichwa, akaangalia kwa pembeni. "Wa kijivu. Karibu haupo."

"Huo ni nusu tone la weusi," alisema Jicho. Alichovya njiti ya kiberiti kwenye kopo jeusi, akaipangusa, akakoroga rangi nayo.

Nyundo alikuwa ameacha kabisa kujifanya anafanya kazi. Waliingia na kutoka mara tisa. Saa tatu kamili ilipiga wakiwa kwenye bati la nne. Mke aliisikia kwenye redio ya fundi wa umeme na hakugeuka. Bati la tano lilionekana limezidi njano, wakaanza upya. La nane lilikuwa karibu mno, mke akasema anahisi ni lenyewe, na Jicho akamuuliza anahisi au anaona. Akaangalia tena. Alikuwa anahisi.

Bati la tisa aliliweka juu ya bodi, akaliangalia mpaka mumewe akauliza kulikoni.

"Silioni," alisema. "Naona mkono wangu tu."

Jicho aliupaka mlango kwa mkono wa zamani, ule usiohitaji macho, bunduki ikienda na kurudi kwa kipimo kimoja. Saa sita kasoro robo uliguswa ukawa mkavu. Mwalimu wa udereva alikuja na uso wa kugombana. Gari lilitolewa juani. Alilizunguka mara moja, akalizunguka mara ya pili, akaweka mkono juu ya mlango wa kulia.

"Ni huu?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka mpaka alipoondoka. Mwenye gereji alimwambia Jicho sawa, akamwambia pia kwamba mke wake hawezi kuja kila siku. Mpaka macho yatazamwe na daktari, atasugua msasa. Akipona, bunduki ni yake. Halikuwa jambo baya, lakini lilisemwa mbele ya watu.

Jicho alimsindikiza mkewe hadi getini, akamhimiza aende, asichelewe saa nane.

*

Alikwenda kweli. Metroni alimsikiliza akiwa amesimama, hakumkaripia, akamwambia karatasi zimeshakusanywa na mtihani mwingine ni baada ya miezi kumi na moja. Alimuuliza kama ni mgonjwa, maana anaonekana amechoka sana. Mfagiaji akasema hapana, akachukua ufagio, kwa kuwa zamu yake ya mchana ilikuwa imefika.

Nyumbani alisema ameanguka. Jicho alikaa naye kitandani, akamwambia mtihani si ardhi, mtu akianguka haumii mifupa. Binti aliangalia kabati, akamwangalia mama, akafungua daftari lake la hesabu. Wiki iliyofuata mama alitoa kopo alilokuwa anawekea akiba ya sare, kwa sababu anayefaulu hujishonea mwenyewe sare mbili na kununua viatu vyeupe. Alisema sare hazihitajiki tena. Daktari wa macho alikuwa amewaambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, hutolewa kwa siku moja. Jicho akasema nyumba hii ilikuwa na mtoto mmoja, sasa imejaaliwa watatu. Bei ya sare na viatu ilitosha kumtoa mmoja.

Wiki ya sita bandeji ilikuwa imeshatoka na ukungu wa kushoto umekwisha. Jicho alianza kuona vitu na kuvisifu kama mgeni: sufuria, uzi wa pazia, ufa wa ukutani. Jioni moja alikwenda kuchukua kikombe, mkono ukakipata mara ya kwanza, na macho yakabaki kwenye mlango wa kabati. Alisoma tangazo. Alilisoma tena, kidole kikifuata mstari, saa tatu kamili asubuhi. Hakuna mahali palipokatwa wala kusogezwa.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alimchukua zile nguo mikononi, akavuta stuli, akaiweka karibu na dirisha.

"Kaa," alisema. "Leo zamu yangu."

Aliketi. Mume akakaa kitandani, akamwangalia. Hakuwa na daftari. Mwanga ulikuwa mzuri, na nyusi zilikuwa mahali pake.

"Umechoka," alisema.

"Sema ninaonekana nimechoka," mke alimwambia. "Hujui."

"Najua."

Nyundo husema gari lile bado linafundishia watu udereva, na hata yeye aliyeufunga mlango kwa mkono wake hawezi kuuonyesha. Uligharimu lita moja na nusu ya rangi, mabati tisa, mtihani mmoja, sare mbili ambazo hazikushonwa, jozi ya viatu vyeupe na miezi kumi na moja ya ufagio. Jicho la kushoto limelipwa. La kulia bado.